GARI DOGO LINAKULA MAFUTA: TUANZE NA DAFTARI, KISHA SPANA



Katika vitongoji vya Dar es Salaam magari madogo yamekuwa mengi. Utayaona Mbagala na Chamazi, wilaya ya Temeke. Utayaona Tegeta, Bunju na Mabwepande, wilaya ya Kinondoni. Gari dogo hubeba mboga kwenda sokoni. Hubeba mgonjwa usiku kwenda hospitali. Hubeba abiria, na jioni dereva humpelekea mwenye gari hesabu ya siku.

Lakini gari hilo likianza kula mafuta mengi, ugomvi huanza. Mwenye gari husema, "Dereva ananyonya petroli na kuiuza." Dereva husema, "Gari ni bovu." Fundi husema, "Leteni fedha tubadilishe plagi." Kila mmoja ana jibu, na hakuna aliyepima. Dereva anaweza kufukuzwa kazi bila kosa. Vilevile mwenye gari anaweza kuibiwa kila siku asijue.

Mtu anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu anaweza kumaliza ugomvi huu. Kifaa cha kwanza ni daftari na kalamu. Spana hufuata baadaye.

HASARA NI KIASI GANI?

Tufanye hesabu. Tuseme gari hutembea kilomita 120 kwa siku. Tuseme lita moja ya petroli ni shilingi 3,000, ili hesabu iwe nyepesi.

Gari likienda kilomita 15 kwa lita moja, litatumia lita 8. Hizo ni shilingi 24,000.

Gari hilohilo likienda kilomita 12 tu kwa lita moja, litatumia lita 10. Hizo ni shilingi 30,000.

Tofauti ni shilingi 6,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 156,000. Fedha hizo zimetoka kwenye bomba la moshi. Zingeweza kununua chakula, daftari za watoto au mbegu.

JINSI YA KUPIMA

Kupima kunafanywa hivi:

1. Nenda kituo cha mafuta. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza. Usiongeze hapo.

2. Andika namba ya kilomita iliyo mbele ya usukani. Tuseme ni 64,200.

3. Fanya kazi zako kama kawaida. Ukinunua mafuta njiani, andika lita ulizonunua. Usiandike shilingi peke yake, kwa sababu bei hubadilika lakini lita haibadiliki.

4. Baada ya siku chache rudi kituo kilekile, na pampu ileile kama inawezekana. Jaza tena mpaka pampu ikate mara ya kwanza. Andika lita na kilomita. Tuseme sasa ni 64,620.

5. Toa: 64,620 kutoa 64,200 ni kilomita 420. Jumlisha lita zote ulizotia baada ya kujaza mara ya kwanza. Tuseme ni 35. Gawanya: 420 kwa 35 ni 12. Gari linakwenda kilomita 12 kwa lita.

Rudia mara tatu. Kipimo cha mara moja kinaweza kudanganya.

Wengi wetu hatujazi tangi. Tunanunua mafuta ya shilingi 10,000, kesho tena shilingi 10,000. Hata hivyo unaweza kupima. Taa ya mafuta ikiwaka, tia lita 10 na uandike kilomita. Taa ikiwaka tena, andika kilomita na utie lita 10 nyingine. Kipimo hiki si kizuri kama kile cha kujaza tangi, lakini ni bora kuliko kubahatisha. Angalia usiache tangi likauke. Katika magari mengi ya siku hizi, pampu ya mafuta imo ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipoza.

DAFTARI LINASEMA NINI?

Usilinganishe gari lako na gari la jirani tu. Lilinganishe na lenyewe. Mwezi uliopita lilikwenda kilomita ngapi kwa lita? Na mwezi huu?

Kama namba inashuka polepole, wiki hadi wiki, shuku ubovu wa gari. Kitu fulani kinachakaa au kinaziba.

Kama namba imeshuka ghafla mara moja, kisha ikarudi, shuku mafuta yenyewe. Labda yamevuja au yameibiwa. Labda pampu ilipunja. Labda siku hizo foleni ilikuwa kubwa mno.

Kama namba haijashuka lakini fedha hazitoshi, gari halina kosa. Tazama bei ya mafuta, au tazama safari zisizo na abiria.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu. Wengine huweka matairi makubwa ili gari lisikwaruze chini kwenye barabara mbovu. Tairi kubwa huzunguka mara chache kuliko tairi dogo katika njia ileile. Basi mita ya gari huhesabu kilomita pungufu. Gari huonekana linakula mafuta kuliko ukweli ulivyo. Kama umebadilisha matairi, linganisha mita na vibao vya kilomita kwenye barabara kuu kabla ya kumlaumu mtu.

UKAGUZI USIO NA GHARAMA

Kabla ya kwenda gereji, kagua mambo haya mwenyewe.

Upepo wa matairi. Barabara nyingi za ndani katika vitongoji vyetu zina mchanga. Dereva hupunguza upepo ili asikwame, kisha husahau kuujaza. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea, na injini hutumia nguvu zaidi kulisukuma. Fungua mlango wa dereva. Magari mengi yana kibao hapo kinachoonyesha kipimo cha upepo. Fuata kibao hicho. Pima asubuhi kabla matairi hayajapata moto.

Breki. Breki inayogusa wakati wote hula mafuta. Egesha gari mahali tambarare pasipo watu mbele wala nyuma. Dereva akae ndani. Toa gia, achia breki, kisha watu wawili wasukume taratibu. Gari dogo zima linapaswa kwenda bila taabu. Kama ni zito, mwambie fundi akague breki. Dalili nyingine ni rimu moja kuwa na joto kuliko nyingine baada ya safari. Sogeza mkono karibu ulisikie joto, lakini usiguse chuma.

Mzigo. Toa ndani ya gari vitu visivyo na kazi. Toa na fremu ya mizigo iliyo juu ya paa kama huitumii, kwa sababu inazuia upepo.

Kuvuja. Tazama chini ya gari asubuhi. Nusa kando ya tangi na mipira ya mafuta. Usitumie kibiriti wala kibatari kutafuta petroli inayovuja. Usiinyonye petroli kwa mdomo, na usiiweke nyumbani kwenye chupa. Tusisahau Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Taa za mbele ya usukani. Magari mengi yanayotoka Japani hubadili gia yenyewe. Baadhi yana taa iliyoandikwa O/D OFF. Taa hiyo ikiwaka, gari limezuiwa kuingia gia ya juu kabisa. Kwenye barabara kuu injini itapiga kelele na kula mafuta bure. Bonyeza kitufe kilicho kwenye mkono wa gia, taa izimike.

SASA TWENDE GEREJI

Kama upepo, breki na mzigo ni sawa, na daftari bado linaonyesha hasara, sasa fundi anahitajika. Mpe daftari alione. Mwombe akague mambo haya.

Plagi. Plagi iliyochakaa haichomi petroli yote. Petroli nyingine hutoka kama moshi bila kufanya kazi.

Chujio la hewa. Hapa kuna tofauti kati ya magari ya zamani na ya sasa. Katika gari lenye kabureta, chujio likijaa vumbi hewa hupungua na petroli huzidi. Ulaji wa mafuta hupanda. Katika gari la kompyuta, kompyuta hupunguza petroli kufuatana na hewa. Chujio chafu huliondolea gari nguvu, lakini huongeza ulaji kidogo tu. Lisafishe kwa sababu ya vumbi letu, lakini usitegemee kwamba ndilo dawa ya kila kitu.

Thamostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Baadhi ya mafundi hukiondoa wakisema Dar es Salaam kuna joto, hakina kazi. Hilo ni kosa. Injini ikikosa thamostati huchelewa kupata joto. Kompyuta hufikiri gari limewashwa sasa hivi, nayo huendelea kumwaga petroli nyingi. Muulize fundi: "Thamostati ipo?"

Sensa ya oksijeni. Hii hukaa kwenye bomba la moshi. Hunusa moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze petroli. Ikifa, kompyuta mara nyingi huzidisha petroli. Dalili yake ni taa ya njano yenye picha ya injini. Usikubali taa hiyo ing'olewe ili isionekane. Fundi aunganishe mashine ya kusoma kosa.

Fanya jambo moja kwa wakati mmoja. Badilisha plagi, kisha pima tena. Ukibadilisha vitu vitano siku moja, hutajua ni kipi kilichosaidia. Umelipa vitano, labda kimoja kilitosha.

DEREVA NAYE ANA SEHEMU YAKE

Gari zima likiendeshwa vibaya litakula mafuta tu. Dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu, kisha breki kwa nguvu, anachoma petroli mara mbili. Kwanza kwa kuongeza mwendo, halafu kwa kuutupa mwendo huo.

Tazama mbele. Ukiona foleni, ondoa mguu mapema. Barabara ikiwa wazi, usikimbize gari kupita kiasi. Mwendo unavyoongezeka, upepo unaolizuia gari huongezeka zaidi ya mwendo wenyewe. Ukisubiri abiria au mzigo kwa muda mrefu, zima injini.

Wengine hutoa gia kwenye mteremko wakidhani wanaokoa mafuta. Katika gari la kompyuta ni kinyume. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeondoka, kompyuta hukata petroli. Ukitoa gia, injini huhitaji petroli ili isizimike. Zaidi ya hapo, gari lisilo na gia ni gumu kuzuiwa, na hiyo ni hatari.

KITUO CHA MAFUTA

Kabla ya kutiwa mafuta, shuka uone pampu imeanza sifuri. Dai risiti. Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kukagua pampu. EWURA hutangaza bei ya juu kabisa ya mafuta kila mwezi, na kituo hakiruhusiwi kuizidi. Ukiona daftari lako linashuka kila unapojaza kituo fulani, na linapanda ukijaza kwingine, hiyo ni habari ya kupeleka kwa wahusika. Nenda na tarehe, lita na risiti. Anayelalamika kwa maneno matupu husikilizwa kwa shida. Mwenye maandishi ana nguvu.

KILA LITA IMETOKA MBALI

Nchi yetu hununua petroli nje kwa fedha za kigeni. Vita vya Mashariki ya Kati vya mwaka 1973 vilipandisha bei ya mafuta ghafi kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Wazee wanakumbuka miaka iliyofuata. Kulikuwa na wakati magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Mwaka 2022 bei ilipanda tena duniani. Hapa Dar es Salaam lita ya petroli ilipita shilingi 3,000, na Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni.

Bei ya dunia hatuwezi kuishusha sisi. Lakini upepo wa tairi, breki inayogusa na mguu wa dereva viko mikononi mwetu.

TUKUMBUKE

Pima kabla ya kulaumu.
Andika lita na kilomita, siyo shilingi peke yake.
Anza na upepo, breki na mzigo.
Tengeneza kitu kimoja, kisha pima tena.
Mwenye gari na dereva wasome daftari pamoja kila wiki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari lilikuwa na kilomita 30,500. Sasa lina kilomita 30,890. Limetumia lita 30. Limekwenda kilomita ngapi kwa lita?

2. Mwenye gari anasema dereva ni mwizi. Daftari linaonyesha namba ikishuka polepole kwa wiki sita. Je, mngemshauri afanye nini kwanza?

3. Kwa nini ni vibaya kuondoa thamostati, hata mahali penye joto kama Dar es Salaam?

(Jibu la swali la kwanza: kilomita 13 kwa lita.)