Kuitambua Miti ya Matunda Pori Kabla ya Kuikata

Wakulima wa Magu, Kwimba na Misungwi, mkoani Mwanza, wanapoandaa mashamba mara nyingi hukuta miti ya matunda ambayo haikupandwa na mtu. Mti huo ukigeuzwa mkaa, faida yake huisha mara moja. Ukiachwa, huendelea kuipatia kaya chakula na kipato kwa miaka mingi. Mkwaju uliooteshwa kwa mbegu, kwa mfano, huweza kuchukua miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa. Ndiyo maana utambuzi wa mti unapaswa kutangulia shoka.

Mkwaju hutambulika kwa vijani vidogo vilivyopangika jozi jozi na maganda ya kahawia yenye nyama chachu. Ukwaju, ambao Wasukuma huuita bushishi, hutiwa katika uji, hutengenezwa juisi, na huhifadhiwa kwa muda mrefu ukikaushwa vizuri.

Mfuru una vijani vilivyotandazwa kama vidole vya mkono, aghalabu vitano. Tunda lake huwa la kijani likiwa bichi, na huwa jeusi na tamu likiiva. Mkunazi una miiba na majani yenye weupe upande wa chini. Kunazi huliwa mbichi au zilizokaushwa.

Mng'ongo una gome la kijivu linalobanduka vipande vipande. Matunda yake, yenye vitamini C kwa wingi, huanguka yakiwa bado ya kijani na kuiva chini kwa rangi ya njano. Ndani ya kokwa lake gumu mna mbegu zenye mafuta, nazo huliwa pia. Kwa kawaida mti huu huwa dume au jike, na jike pekee ndilo huzaa. Anayekata madume kwa kuyadhania kuwa ni miti tasa huyanyima majike chavua, na mavuno hupungua.

Tahadhari ni ya lazima. Mtonga una tunda la mviringo lenye ganda gumu na nyama inayoliwa, lakini mbegu zake hazipaswi kutafunwa, kwa kuwa baadhi ya miti ya jamii yake ina sumu. Aidha, tunda kuliwa na ndege au nyani si ushahidi kwamba ni salama kwa binadamu. Lisilofahamika lisiliwe kabla ya kuthibitishwa na wazee wanaolijua au afisa misitu wa wilaya.

Uhifadhi wa miti hii hauhitaji gharama kubwa. Mti uliokatwa ukichipua, machipukizi machache yenye nguvu huachwa na mengine hupunguzwa; njia hii hujulikana kama kisiki hai. Wasukuma nao wana ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, ambamo miti michanga hupata nafasi ya kukua bila kukanyagwa na mifugo.