Daraja Lililojengwa na Chemchemi

Katika bonde la mto Las Cuevas, mkoani Mendoza, upande wa Argentina wa milima ya Andes, si mbali na Aconcagua, mlima ambao nje ya bara la Asia hauna wa kuupita kwa urefu, liko daraja ambalo hakulijenga mwanadamu. Huitwa Puente del Inca, na msafiri afikaye huko, kwenye kimo cha takriban mita 2,700, hulikuta limejaa manjano, rangi ya chungwa na hudhurungi, ilhali majabali yote ya jirani ni makavu na ya kijivu.

Asili ya rangi hizo ni maji. Mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya ardhini, maji yakapata joto na kuchanganyika na hewa ya kaboni, nayo huyatia ukali wa kutosha kuyeyusha chokaa iliyomo miambani; yanapochomoza tena juu, hewa ile hutoka, ukali hupungua, na chokaa isiyoweza kuchukulika tena hubaki hapo hapo, utando juu ya utando, hata ikawa jiwe. Chokaa tupu ni nyeupe. Chuma kilichomo majini ndicho kishikacho kutu kinapokutana na hewa, kikalitia jiwe rangi. Mwenye shaka na atazame bidhaa za wachuuzi wa mahali hapo: kiatu kikuukuu kilichowekwa chini ya mchirizi wa maji hayo huvikwa ganda la manjano, na matundu ya kamba zake yangali yakitambulikana.

Charles Darwin alipita hapo Aprili 1835, akaeleza kwamba daraja ni kokoto zilizoshikamanishwa na mashapo ya chemchemi, mto ukazichimba upande mmoja, ukabaki ukingo unaoning'inia, nao ukakutana na udongo na mawe yaliyoporomoka kutoka ng'ambo. Daraja lenyewe halikumstaajabisha sana, na hapo, kwa rai yangu, hakulitendea haki.

Hoteli iliyokuwa jirani iliangamizwa na poromoko la theluji mwaka 1965, kanisa dogo likasalimika. Na magofu ya nyumba za kuogea, chini ya daraja, nayo yamekwisha kuvikwa ganda lile lile. Lakini jiwe hili lina vitundu tele, na baridi na mto havichoki kulila. Ndiyo maana wageni wamekatazwa kulikanyaga, wakalitazama kwa mbali. Amri hiyo ni ya haki, wala isilegezwe.