Kipande cha kitenge chafufua jinzi zilizododa

MFANYABIASHARA anayenunua belo la suruali za jinzi hulipia uzito na daraja, halipii mtindo. Akishalifungua pale Karume jijini Dar es Salaam, Memorial mjini Moshi au Kongowea mjini Mombasa, huzichambua suruali moja baada ya nyingine. Zipo zitakazogombewa siku hiyo hiyo, zipo za kusubiri mteja wake, na zipo ambazo kitambaa ni kizima, zipu inafunga, rangi haijapauka, lakini miguu yake imepitwa na wakati.

Kundi hilo la mwisho ndilo linalokula mtaji. Suruali hukaa mezani wiki tatu, vumbi linaingia, bei inashuka, na mwisho inatupwa kwenye fungu la kufungia siku.

Wapo wafanyabiashara ambao siku hizi hawazitupi. Huzipeleka kwa fundi cherehani, ambaye hupunguza mguu au kuupanua, na mahali alipofumua huweka pambo: mstari wa kitenge, zipu ya chuma, vifungo, au uzi wa rangi nyingine. Kazi hii si ngeni, lakini wengi huifanya bila hesabu, na ndiyo maana wengine hupata faida na wengine huishia kumlipa fundi kwa suruali ambayo bado haiuziki.

Miguu hupanda na kushuka

Mitindo ya miguu ya suruali ina tabia ya kurudi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, utekelezaji wake ukianza Januari 1969. Miaka ya 1970 mitaa ikajaa bugaluu, suruali pana kuanzia gotini, zikivaliwa na viatu vya raizoni. Miaka ya 2010 ikawa zamu ya modo, zinazoshika mguu mpaka kwenye kifundo. Miaka ya 2020 miguu mipana imerudi, hasa kwa wasichana.

Kwa muuza mitumba hilo lina maana moja. Nguo zinazoingia leo ni zile ambazo wenzetu wa Ulaya na Marekani wameshazichoka, hivyo belo huja na mtindo wa miaka kadhaa nyuma. Modo nyingi zitaendelea kuja wakati mteja anaulizia bwanga, na siku modo itakaporudi, belo zitakuwa zimejaa bwanga.

Hata kupanua jinzi kwa kipande cha pembetatu hakukuanzia viwandani. Vijana wa Marekani wa mwisho wa miaka ya 1960 walifumua suruali zao wenyewe chini ya goti na kupachika vitambaa vya maua. Wenye viwanda wakaona. Mwaka 1973 kampuni ya Levi Strauss iliandaa shindano la kupamba jinzi.

Na jinzi yenyewe ina fundi cherehani ndani yake. Mwaka 1872 Jacob Davis, fundi wa Reno katika jimbo la Nevada, alimwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia vitambaa, akiomba washirikiane kupata hataza ya kuimarisha mifuko kwa ribiti. Hataza ilitolewa Mei 20, 1873. Fundi alikuwa na ujuzi, mfanyabiashara alikuwa na mtaji. Ushirikiano wa namna hiyo hauhitaji San Francisco. Meza ya mitumba na cherehani ya jirani vinatosha.

Mshono upi ufumuliwe?

Hapa ndipo mafundi wengi chipukizi hupotea. Jinzi ina mishono miwili kwenye kila mguu. Katika jinzi nyingi, ule wa ndani, baina ya miguu, umekunjwa kitambaa juu ya kitambaa na kupigwa nyuzi mbili zinazoonekana. Kuufumua huchukua muda mrefu, na kuurudisha kama ulivyokuwa kwa cherehani ya kawaida ni vigumu. Ule wa nje kwa kawaida ni mshono mmoja uliozungushiwa uzi kingoni, na hufumuka kwa kiwembe kwa dakika chache.

Pambo basi likae kwenye mshono wa nje. Ndio rahisi kuufungua, na ndio unaoonekana mtu anapopita. Fundi asichukue hilo kwa kukariri, aigeuze suruali ndani nje kwanza, kwani zipo zilizoshonwa kinyume.

Kabla ya mkasi, suruali ifuliwe na kupigwa pasi. Mteja aivae, akiwa na viatu anavyokusudia kuvivaa, na pini ziwekwe akiwa amesimama. Kisha aketi. Suruali inayopendeza kwa aliyesimama inaweza kumnyima kupiga hatua.

Kupunguza

Bwanga la kupunguzwa halikatwi papo hapo. Fundi hupiga chaki kuanzia katikati ya paja au gotini, mstari ushuke taratibu bila kona, kisha hupiga bandi na kumvalisha mteja. Kinachopunguzwa kwenye mshono mmoja kikizidi sentimita 4 au 5, mguu huanza kujipinda na mshono wa nje kuhamia mbele. Hapo ni bora kupunguza kidogo na kuliacha pambo limalize kazi.

Pambo rahisi kuliko yote halihitaji hata kufumua. Upana unaozidi kwenye pindo hukunjwa kuelekea nyuma kwa upande wa nje, ukashikiliwa na kifungo kimoja au viwili vya shaba. Mguu unabana chini, mkunjo unaonekana kama ulikusudiwa, na mwenye suruali akichoka anafungua kifungo, bwanga lake limerudi.

Wengine hupiga mikunjo myembamba miwili au mitatu inayoshuka mbele ya mguu kuanzia gotini, kila mmoja ukishonwa kwa uzi mnene wa rangi ya machungwa kama ule wa kiwandani. Kila mkunjo wenye upana wa nusu sentimita hula sentimita moja ya mzunguko, kwa hiyo mikunjo mitatu hupunguza sentimita 3.

Tatizo la kubana ni kisigino. Kitambaa cha jinzi kisichovutika hakimhurumii mtu. Mzunguko wa pindo ukiwa mdogo kuliko ule wa kisigino kupitia juu ya unyayo, suruali haivaliki. Fundi apime hapo kwa futi kamba kabla ya kushona. Mteja akitaka ibane zaidi, dawa ni zipu ya chuma ya sentimita 12 hadi 15 kwenye mshono wa nje kutoka kwenye pindo kwenda juu. Hiyo zipu ndiyo njia ya mguu kupita, na ndiyo hiyo hiyo pambo ambalo mteja ataliongezea fedha.

Kupanua

Modo ndiyo yenye soko la kupanuliwa hivi sasa, na hapa kitenge hakina mpinzani. Njia ya kwanza ni mstari ulionyooka. Mshono wa nje hufumuliwa kutoka chini ya mfuko hadi kwenye pindo, na kipande kirefu cha kitenge hupachikwa katikati. Kipande cha sentimita 7 kikitolewa sentimita 1.5 za mshono kila upande huongeza sentimita 4 kwenye mzunguko wa mguu. Juu, kipande kichongwe kidogo kidogo mpaka kiishe, kisije kikavimba kwenye nyonga.

Njia ya pili ni pembetatu, inayozaa bugaluu. Modo yenye pindo la mzunguko wa sentimita 32, ikipachikwa pembetatu yenye kitako cha sentimita 20 baada ya mshono, inafikia sentimita 52. Mtindo hubadilika kabisa ingawa mapaja hayajaguswa. Kimo cha pembetatu kiishie gotini au chini yake kidogo. Ikipanda mapajani, suruali hugeuka sketi.

Nyuzi za urefu za kitenge zishuke katikati ya pembetatu, ili kingo mbili zilale sawa na mguu usivutike upande mmoja. Ncha ya juu ndiyo huchanika kwanza. Mshono ukomee pale hasa mfumuo ulipoishia, kisha urudiwe mara tatu au nne. Ikiwezekana suruali itundikwe usiku mmoja kabla ya kukunja pindo, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari hushuka.

Kitenge ni chepesi kuliko jinzi. Kikipachikwa kama kilivyo, hujikunja kama jani la mgomba juani, hivyo mafundi makini hukiwekea kitambaa kizito ndani. Kifuliwe kwanza peke yake, kiondoke wanga na kirudi kama ni cha kurudi. Jinzi nyeusi au ya buluu iliyokolea ambayo bado inachuja nayo ifuliwe mpaka maji yawe safi, la sivyo kitenge cheupe kitarudi kwa fundi kikiwa cha kibuluu, na mteja nyuma yake.

Cherehani ya mguu inaweza kazi hii yote. Sindano iwe namba 16, au 18 kwa kitambaa kizito, na hatua ya mshono irefushwe. Panapokutana matabaka manne au matano, pagongwe kwa nyundo juu ya kitambaa mpaka palainike, kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono. Sindano zilizovunjika nyingi huvunjikia hapo.

Hesabu ya mezani

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye jinzi tano zilizododa. Kila mtu aweke bei za soko lake. Hapa tuseme kwamba zikiuzwa kama zilivyo zitapata Sh4,000 kila moja, yaani Sh20,000. Fundi anataka Sh3,000 kwa suruali, na vifaa ni Sh1,000, hivyo gharama ya zote ni Sh20,000. Iliyopambwa ikipata mteja inauzwa Sh14,000, na isiyopata inaondoka kwa Sh4,000 ile ile.

Zikiuzwa tatu kwa bei ya juu na mbili kwa bei ya chini, zinaingia Sh50,000. Ukitoa gharama inabaki Sh30,000, nyongeza ya Sh10,000 kuliko kuziacha. Zikiuzwa mbili tu kwa bei ya juu, inabaki Sh20,000, jasho bure. Ikiuzwa moja, inabaki Sh10,000, na mfanyabiashara amejitia hasara kwa mikono yake.

Fedha zilizonunulia suruali hazimo katika hesabu hiyo kwa sababu zimeshatoka, iwe pambo litawekwa au halitawekwa. Wengi hukosea hapo, huogopa kuuza chini ya bei ya kununulia na kuongeza gharama juu ya gharama.

Ndiyo maana si busara kupeleka kwa fundi suruali ishirini kwa mkupuo. Zianze mbili, zitundikwe mbele ya meza, na wateja wanaouliza wahesabiwe. Utaratibu mwingine unaopunguza hatari ni fundi kulipwa nusu wakati wa kazi na nusu suruali ikiuzwa. Fundi akikubali, naye atakuwa na sababu ya kuchagua kitenge kinachopendwa badala ya kile kilichobaki sakafuni.

Suruali ya mteja ni jambo jingine. Vipimo viandikwe kwenye daftari, arubuni ipokelewe kabla ya kufumua, na kitambaa kinachozidi kisikatwe. Kilazwe ndani na kushikizwa. Suruali iliyopunguzwa bila kukatwa inaweza kuachiwa tena mwaka ujao, na hiyo ni kazi ya pili kwa fundi yule yule. Iliyokatwa imekwisha.

Kwa upande wa malighafi, mabaki ya kitenge yanayotoka kwenye magauni yanatosha pembetatu nyingi. Zikichorwa moja kichwa juu na nyingine kichwa chini, kitambaa hakipotei. Rangi moja ipatikane ya kutosha miguu yote miwili kabla ya kuanza, kwa kuwa kitenge cha maua yale yale kikishaisha dukani huenda kisirudi. Na suruali fupi zinazotokana na jinzi zilizochakaa magotini huacha vipande vya chini vya miguu. Hivyo visitupwe, ndivyo vinavyofaa kuwekwa ndani ya kitenge ili kipate uzito.