Tumbo linapokugomea mpakani, si kila mara ni amiba

WAFANYABIASHARA wanaopanda basi la Dar es Salaam kwenda Kahama, Rusumo na Kigali wana hesabu moja ambayo haimo kwenye fomu za forodha: gari litasimama wapi kuchimba dawa. Mwenye tumbo zima hulala usingizi wake. Mwenye tumbo la matatizo huhesabu vituo, hanywi maji tangu jioni ya jana yake, na akifika mpakani anawaza choo kabla ya kuwaza mzigo.

Hesabu hiyo naijua mwenyewe. Kwa miaka mitatu nilitibiwa amiba. Kila nikirudi safari ya kikazi tumbo linasokota, linajaa gesi, leo naharisha, wiki ijayo choo hakitoki. Naingia duka la dawa jirani na stendi, natoka na metronidazole. Mara mbili niliambiwa ni taifodi, nikameza antibayotiki. Tumbo lilitulia siku chache, kisha yakawa yale yale. Daktari mmoja aliyenisikiliza hadi mwisho ndiye aliyeagiza vipimo vya choo na damu, vikatoka safi, akaniambia utumbo wangu hauna mdudu wala kidonda. Una hamaki.

Hali hiyo madaktari wengi huitaja kwa herufi tatu, IBS. Utumbo ukitazamwa unaonekana mzima, ila unafanya kazi vibaya: misuli yake inajikaza ovyo, na mishipa ya fahamu inahisi maumivu pale ambapo mwingine angehisi gesi tu. Dalili yake kuu ni maumivu ya tumbo yanayorudi, walau siku moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, yanayoambatana na kwenda haja au na choo kubadilika. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingine huanza baada ya mtu kuugua kuhara kikweli. Haiui wala haigeuki saratani, lakini inakula siku za kazi.

Kwa nini basi tunaishia kwenye amiba na taifodi? Sehemu ya jibu ni kipimo cha damu cha Widal, ambacho bado kinatumika sana katika zahanati za ukanda wetu. Kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyechanjwa. Sehemu nyingine ni haraka zetu. Mtu ana mzigo ghalani na wakala anampigia simu; nani atasubiri majibu ya maabara?

Ila asijitangazie hamaki mtu mwenye damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, anayepungua uzito bila sababu, mwenye homa au upungufu wa damu, anayeamshwa usiku na kuharisha, au ambaye matatizo yameanza akiwa na zaidi ya miaka 50. Huyo aende hospitali wiki hii. Nimewasikia watu wakisema "ni tumbo tu" mwaka mzima.

Wewe uliyepimwa na kuonekana mzima, anza na sahani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walionyesha kwamba aina fulani za sukari na wanga huchachuka utumboni, huleta gesi na kuvuta maji. Safari zetu zinapita kwenye majiko mengi, na sukari hizo zimejaa humo. Githeri ya Kenya ina maharage. Rolex ya Uganda ni chapati ya ngano, mayai na kitunguu. Rwanda utakaribishwa maziwa, na watu wazima wengi wa Afrika hawana uwezo mzuri wa kusaga sukari ya maziwa. Kwao hata chai ya maziwa ni chokozi. Maziwa ya mgando huwa na nafuu kidogo. Ugali wa mahindi, wali, viazi, samaki na mayai kwa kawaida havina ugomvi. Maharage yakilowekwa usiku na maji yakamwagwa, gesi hupungua.

Usiache vyote maisha yako yote. Unapunguza wiki mbili hadi sita, kisha unarudisha kimoja kimoja ukiandika kilichotokea. Mimi niligundua adui yangu ni kitunguu, wala si maharage niliyokuwa nimeyasingizia miaka yote.

Na dawa za asili? Zipo zenye ushahidi. Mafuta ya mnanaa ya vidonge hulegeza misuli ya utumbo, ingawa yanaweza kuleta kiungulia. Chai ya majani ya mnanaa ni laini zaidi, nguvu yake ndogo. Maganda ya mbegu za isabgol, yanayopatikana kwenye maduka ya Wahindi, husaidia choo kigumu na hata cha kuhara, mradi uanze na kidogo na unywe maji ya kutosha. Pumba za ngano, ambazo wengi hushauriwa, mara nyingi huzidisha gesi. Tangawizi hutuliza kichefuchefu. Kwa maumivu ya hamaki ushahidi wake ni dhaifu. Utomvu wa mshubiri ni dawa kali ya kuharisha, na chupa za stendi zisizo na jina la kilichomo sizigusi.

Kinachobaki ni ratiba, na hapo ndipo wasafiri tunaposhindwa. Kufunga kutwa nzima halafu kujaza sahani saa tano usiku ni kuuchokoza utumbo. Kula kidogo kwa saa zinazolingana. Chai na kahawa visizidi vikombe vitatu kwa siku, kama mwongozo wa tiba wa Uingereza unavyoshauri. Tembea. Wasiwasi nao huuchochea utumbo, ndiyo maana foleni ya forodha huuma tumboni. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake huko Manchester waliripoti kwamba wagonjwa sugu walipata nafuu kwa kutulizwa akili hadi hali ya nusu usingizi. Huduma hiyo hutaiona Rusumo, lakini kupumua polepole ukiwa kwenye foleni hakuna ushuru.

Safari yangu ya mwisho nilikata kiti cha karibu na mlango na kumwambia konda mapema kwamba huenda nikaomba kushuka kabla ya kituo. Alicheka, akaniambia mimi ni abiria wa tatu kumwambia hivyo siku ile.