Parseli ya Kujenga: Tazameni Kwanza Udongo

Mwalimu mmoja, rafiki yetu wa siku nyingi, aliweka akiba miaka kumi na miwili ili aijengee jamaa yake nyumba. Mwezi wa Julai komisioneri alimpeleka kwenye mteremko upande wa Kadutu, akamwonyesha parseli yenye bei nafuu, ziwa lote likionekana chini. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu chini ya kiatu. Akalipa, akajenga upesi. Mwezi wa Novemba mlango wa mbele ulikataa kufungwa. Ilipofika Machi, ukutani palikuwa na ufa ambao mtoto wake mdogo aliweza kupitisha mkono. Hapo ndipo alipotujia kutuuliza kama saruji ya siku hizi ni mbovu.

Saruji haikuwa na kosa lo lote. Ardhi yenyewe ilikuwa ikitembea.

Neno hili twapenda wasomaji wetu walishike, maana mjini Bukavu si mfano wa maneno. Milima yetu ni ya mawe ya volkeno ambayo maji, kwa maelfu ya miaka, yameyaozesha yakawa udongo wa mfinyanzi. Mvua ikiingia ndani, udongo huo hulegea na kuteleza, mahali pengine kwa ghafula, mahali pengine polepole kama mtu asogezaye kabati. Wataalamu waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani tangu mwaka 1947 wameonyesha kwamba mteremko wa Funu washuka namna hiyo, na kwamba wingi wa nyumba nao umeubadili mwendo wake. Hili si ajabu. Tukikata miti, tukimwaga maji ya mabati na ya jikoni ovyo, tukichimba kilima ili kupata uwanja, twaulainisha udongo ule ule tunaoukalia.

Basi anayetaka kununua asiende kutazama wakati wa kiangazi tu. Mvua zetu huanza Septemba hata Mei. Aende siku ya pili baada ya mvua kubwa, amevaa viatu vibovu, na aende bila komisioneri. Atazame mikaratusi: je, imesimama wima, au imeinama yote upande mmoja? Atazame ngazi za majirani kama zimeachana na kuta. Apande juu ya parseli atafute nyufa zilizopinda kama mwezi mwandamo, kisha ashuke chini aone kama maji yachuruzika mahali pasipo na bomba. Tena amwulize jirani, hasa mama mzee aliyekaa hapo miaka mingi. Asimwulize, “Mama, pahali hapa pazuri?” maana kwa adabu atajibiwa kwamba ni pazuri. Amwulize, “Mama, ukuta huu mmeutengeneza mara ngapi?”

Pengine mtu atasema: basi nitanunua bondeni. Vema, lakini ukingoni mwa kijito kama Kawa maji hupanda kwa saa moja ya mvua na kuingia vyumbani. Wala asisahau njia. Moto umeteketeza nyumba za mbao zilizobanana, Nyamugo na kwingineko, mara nyingi mno, na gari la kuzima moto halipiti katika kichochoro cha upana wa mtu mmoja. Nalo tetemeko la Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, lilivunja nyumba nyingi mjini kwetu, na ng'ambo, nchini Rwanda, liliwaua hata watu waliokuwa kanisani. Kwa hiyo mwenye fedha za kujenga ghorofa mbili huenda angefanya vizuri zaidi kujenga moja yenye msingi mzuri na nguzo za chuma.

Udongo ukikubali, ndipo tuje kwenye karatasi. Hapa twaona watu wenye elimu wakidanganyika kama wasio nayo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, ambayo kwa Mkongomani yaweza kuwa ya daima, na sheria ile ilitaka haki hiyo ithibitishwe kwa cheti cha uandikisho kitolewacho na konsavateri wa hati za ardhi. Karatasi yenye muhuri wa shefu wa avenyu au wa kartie, hata ikiwa na mihuri mitatu, si cheti hicho. Ni ushahidi tu kwamba fulani alimlipa fulani. Vivyo hivyo pembeni mwa mji, upande wa Kabare, mtu huambiwa kwamba babu wa mwuzaji alitoa kalinzi kwa mwami. Kalinzi ni desturi yenye heshima katika Bushi, lakini haitoshi kumkinga mnunuzi siku mwingine atakapokuja na cheti. Nendeni ofisini na namba ya parseli, mkaulize jina lililoandikwa ni la nani, kama iko rehani, kama iko kesi. Kisha mpima wa kadasta aende nanyi akaonyeshe mawe ya mpaka, majirani wakiwapo.

Jambo moja husahauliwa sana: mke wa mwuzaji. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yataka mume na mke wakubaliane kabla haki ya ardhi haijahamishwa. Baba akileta karatasi peke yake, akisema mama yuko safarini, msubirini mama. Na kama mwenye parseli alikwisha kufa, watoto wote ni warithi, si yule kifungua mimba peke yake.

Nyakati hizi uangalifu uzidi. Wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, wengi walikimbia wakiacha nyumba zao. Mtu aliye mbali hawezi kupinga upesi sahihi iliyoghushiwa kwa jina lake. Msimlipe mjumbe kabla ya kusikia sauti ya mwenyewe na kuona uwakilishi ulioshuhudiwa na notari. Tena hati inayotiwa sahihi na afisa ambaye Serikali ya Kinshasa haimtambui yaweza kukataliwa kesho.

Rafiki yetu alivua mabati na mbao zake kabla mvua za Septemba hazijarudi, akapanga vyumba viwili Bagira. Kiangazi kile kile komisioneri alimjia kumwuliza kama angependa kuiuza ile parseli, maana amepata vijana wawili waliooana juzi. Akajibu kwamba yuko tayari kuwaonyesha, lakini mwezi wa Aprili.