Jinsi Umri wa Nyota Unavyojulikana

Kilimia ni kundi la nyota ambalo wakulima wa Afrika Mashariki walikuwa wakilitazama tangu zamani ili wajue majira ya kulima. Wataalamu wa elimu ya nyota nao hulitazama, lakini wao hutafuta habari nyingine: nyota huishi muda gani, nayo hufaje?

Swali hilo ni gumu, kwa kuwa nyota huishi mamilioni ya miaka, wala hakuna mtu awezaye kukaa akaiona nyota moja ikizeeka. Hapo ndipo makundi yanapofaa. Nyota za kundi moja zilizaliwa pamoja katika wingu moja la gesi, mfano wa vijana wa rika moja. Zikitofautiana leo, tofauti hiyo haitokani na umri bali hasa na uzito. Nyota nzito huteketeza gesi yake upesi ikafa mapema. Nyepesi hutumia kidogo kidogo ikadumu. Basi wataalamu wakijua ni nyota zipi nzito kabisa zilizo hai bado, hupata umri wa kundi zima. Umri wa Kilimia ni zaidi ya miaka milioni 100.

Nyota isiyo nzito mno, kama Jua letu, ikimaliza gesi yake huvimba, hutupa tabaka zake za nje, na kuacha kiini kidogo chenye joto kali kiitwacho kibete cheupe. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark wa Marekani alikiona kimoja kando ya nyota Sirius. Ukubwa wake wakaribia ule wa dunia, na uzito wake wakaribia ule wa Jua. Mwaka 1930 Subrahmanyan Chandrasekhar, kijana wa miaka 19 aliyekuwa safarini melini kutoka Bara Hindi kwenda Uingereza, alipiga hesabu iliyoonyesha kwamba uzito wa kibete cheupe una mpaka. Mpaka huo ni kiasi cha mara 1.4 ya uzito wa Jua.

Katika Kilimia pia kimo kibete cheupe, nacho kilileta fumbo. Nyota iliyokizaa ilikufa mbele ya wenzake, kwa hiyo lazima ilikuwa nzito kuliko walio hai, ambao baadhi yao wana uzito wa Jua karibu mara tano. Mbona basi mabaki yake ni mepesi? Jibu ni kwamba nyota hupoteza sehemu kubwa ya mwili wake kabla ya kufa.

Kibete cheupe hakina moto mpya. Hupoa polepole kama kaa lililotolewa mekoni, na ajuaye kiasi cha kupoa hujua lilitolewa lini. Mwaka 2002 wataalamu waliotumia darubini ya Hubble, inayozunguka dunia, walitangaza kwamba vibete vyeupe vya kundi la M4 vyaonyesha umri wa miaka kati ya milioni 12,000 na 13,000.

Jua letu limekwisha kuwaka miaka milioni 4,600, na limebakiwa na kama milioni 5,000. Kisha nalo litakuwa kibete cheupe.