Je, Wajua? Kipimo cha Kalsiamu Hakipimi Mifupa

Wengi wakiambiwa kalsiamu yao ni ya kawaida, hushukuru Mungu kwamba mifupa ni imara. Sivyo. Takribani asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno; maabara hupima ile kidogo inayozunguka kwenye damu, na mwili huilinda kwa ukali. Ikipungua, tezi nne ndogo za parathairoidi, zilizojibanza shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi, hutoa homoni inayochota kalsiamu mifupani. Ndiyo maana mifupa huweza kudhoofika kwa miaka huku majibu ya damu yakitoka mazuri.

Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni kama miligramu 8.5 hadi 10.5 kwa desilita, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Kikizidi, daktari hushuku kwanza tezi hizo kufanya kazi kupita kiasi, au saratani. Kikishuka, huangalia vitamini D, figo, magnesiamu, na kama mgonjwa aliwahi kupasuliwa shingo.

Kuna mtego hapa. Asilimia 40 hivi ya kalsiamu ya damu hushikamana na protini, hasa albumini. Mwenye albumini kidogo huonekana ana upungufu, kumbe kalsiamu huru, ile inayofanya kazi, inatosha. Hiyo nayo ina kipimo chake. Hata mpira wa mkononi ukikazwa muda mrefu wakati wa kutoa damu, jibu laweza kupanda kwa uongo.